Kifurushi Kisicho na Mtumaji

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na ana wivu. Nayasema yote mawili kwa pamoja kwa sababu moja lisingekomaa bila jingine.

Fundi wa makochi anaona mambo. Watu humletea kochi kuukuu abadilishe sponji na kitambaa, wakasahau kwamba kochi linakula vitu. Ukichana kitambaa cha chini unakuta vifungo, hereni moja moja, kalamu, picha ndogo za kitambulisho, meno ya kichana. Wako mafundi wanaovitupa, na wako wanaovitia mfukoni. Kaka huvikusanya kwenye kopo tupu la rangi, na kazi ikiisha anakwenda mwenyewe hadi mlangoni kwa mteja na kumpa mkononi. "Hivi vilikuwa ndani ya kochi lako." Hajawahi kumtuma mtu. Anasema kilichotoka nyumbani kwa mtu lazima kirudi uso kwa uso.

Basi siku moja alirudisha saa ya kiume. Mwenye nyumba aliipokea, akaigeuzageuza mbele ya mkewe, akasema saa hii si yangu. Kaka alirudi karakana amelowa jasho, akakaa juu ya rundo la sponji, utadhani saa ile ilitoka kwenye kochi lake yeye. Tangu hapo ndipo ugonjwa ulipomkolea. Mkewe akichelewa, kaka anahema. Mkewe akicheka na simu, kaka anauliza nani huyo anayechekesha hivyo.

Mimi ni dada yake, na ndimi ninayemshonea foronya za mito. Cherehani yangu iko dirishani, meza yake iko mlangoni, kwa hiyo pumzi yake yote ya wivu hupita kwangu kabla ya kutoka nje. Niliwahi kuwa na mume. Huyo hata ningerudi nyumbani nimevaa kofia ya mwanamume mwingine angeniuliza tu chakula kiko wapi. Kwa hiyo niseme ukweli wangu mapema: kuna siku nilimwonea wifi yangu kijicho kwa kuonewa wivu namna ile.

Wifi yangu huyo ni fundi wa miwani katika duka moja la mjini. Kazi yake ni kusaga lenzi mpaka ikae kwenye fremu bila kucheza, na anasoma alama ndogo kwenye ukingo wa kioo ambazo mimi hata nikikodoa macho sioni kitu. Mpole, lakini usimchezee. Lenzi zake zinaletwa na ile kampuni ya vifurushi yenye pikipiki za kijani, ambayo kila mtu huku kwetu anaiamini kuliko ndugu zake. Na anayezileta ni kijana mmoja mrefu, mwenye mabega mapana hasa, ndiyo maana sote tunamwita Mabega.

Mabega ana adabu. Akipita mbele ya karakana anapunguza mwendo na kusema, "Shikamoo, fundi!" Kaka anajibu "Marahaba" huku pini zimejaa mdomoni, na sauti inayotoka hapo si ya mtu anayemwombea mwenzake maisha marefu. Mabega akishapita, kaka atasema:

"Unamwona alivyovaa? Mtu wa kubeba mizigo anajipulizia manukato ya nini?"

"Muulize yeye," namjibu. "Mimi niache nishone."

Walipooana, kaka alimdai mkewe neno la siri la barua pepe. Eti mume na mke hawafichani. Nilikuwapo. Nilidhani bibi harusi atamtolea uvivu, lakini alicheka tu, akamvuta sikio na kumnong'oneza. "Haya, unalo. Umeridhika?" Akaridhika. Na ninamshuhudia kwa hili: miaka yote hiyo hakulitumia hata mara moja. Alikuwa nalo, na kuwa nalo kulimtosha.

Halafu bosi wa duka la miwani akaamua kufungua tawi upande wa pili wa mji, na akamwambia wifi yangu kwamba atamfanya msimamizi wa tawi hilo. Wifi alikuja mbio karakana kutupa habari, koti lake la kazi bado mwilini. Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Kaka alisema, "Hongera, mke wangu," akamkumbatia vizuri kabisa, kisha akauliza juu ya bega lake:

"Na mizigo ya huko ataileta nani?"

Wiki ile ile ikaja ile barua. Sasa haya nayasimulia kama alivyokuja kunieleza mwenyewe, nami nimeyanyoosha kidogo tu.

Ilikuwa jioni, wifi yuko bafuni, simu yake iko mezani inachajiwa. Kaka akaishika, eti aangalie saa, ilhali saa ya ukutani iko juu ya kichwa chake. Kwenye kioo palikuwa na barua pepe yenye nembo ya kijani ya kampuni ya vifurushi. *Mpendwa mteja, tuna kifurushi chako. Mtumaji, ambaye ni mtu anayekujali sana, ameomba jina lake lisionekane. Usipothibitisha leo, kifurushi kitarudishwa. Bonyeza hapa, uingie, uone jina la mtumaji.*

Kaka aliisoma, akairudia. Anasema masikio yalimwaka moto. Mtu anayekujali sana! Kampuni ni ile ile ya kijani! Na jina lipo hapo chini, limefunikwa na kitufe kimoja tu.

Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, kijani kitupu, na pikipiki yake pembeni. Ukataka anwani na neno la siri. Kaka akasita hapo, namwamini akisema alisita. Kisha akaandika lile neno alilonong'onezewa siku ya harusi.

Haikuishia hapo. Simu ikalia, ujumbe ukaingia na namba za uthibitisho, na chini yake maneno haya: *Usimpe mtu yeyote namba hizi.*

"Sasa na hapo ulipita vipi?" nilimuuliza. "Si umeambiwa waziwazi?"

"Niliona mimi si mtu yeyote," akanijibu. "Mimi ni mumewe."

Akaziandika. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukasema asante, jina la mtumaji litatumwa hivi karibuni. Akafuta ule ujumbe wa namba ili mkewe asijue, akairudisha simu kwenye chaji, akakaa. Wifi alipotoka bafuni akamkuta ameshika tama.

"Mbona umenuna, baba? Unaumwa?"

"Sina kitu."

Asubuhi jina halikuja. Kaka akafanya jambo ambalo mwenye akili zake asingelifanya: akaenda ofisini kwa kampuni yenyewe, akapanga foleni, akafika kaunta na kumwambia dada aliyekaa pale kwamba anataka kujua nani amemtumia mkewe kifurushi. Dada wa kaunta akatafuta kwenye kompyuta yake.

"Hakuna kifurushi kwa jina hilo, kaka."

"Kipo. Mmeandika wenyewe."

"Alipata barua pepe ya kubonyeza? Ya kuingiza neno la siri?" Dada yule akaacha kuandika, akamtazama vizuri. "Hiyo si yetu. Ni matapeli, wanatumia nembo yetu. Sisi hatumuulizi mteja neno la siri hata siku moja. Kama kuna aliyeandika chochote pale, nenda ukabadilishe sasa hivi. Usingoje hata kufika nyumbani."

Angemsikiliza hapo, nisingekuwa na hadithi. Lakini kaka aliangalia dirishani akamwona Mabega uani anaosha pikipiki huku anapiga mluzi, na kichwa chake kikapanga kila kitu. Wanafanya kazi pamoja. Wanafichiana. Alimwambia dada wa kaunta asante, kwa sauti kavu, akaondoka zake na siri yake kifuani. Ukweli ulisemwa mbele yake kwa Kiswahili chepesi, naye akaupokea kama ushahidi wa uongo. Nikikumbuka hapo natamani kumzaba kofi hata leo.

Mchana simu yangu ikatoa mlio. Barua pepe kutoka kwa wifi! *Nimekutumia kifurushi. Bonyeza hapa uone kilichomo.* Nisiwafiche, nilifurahi. Mimi nani hunitumia kitu? Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kioo ndipo nikaona aibu kupokea zawadi bila kusema neno, nikampigia.

"Wifi, ahsante sana. Umenitumia nini?"

"Nimekutumia nini wapi?"

"Kifurushi. Umeniandikia sasa hivi."

Nyuma yake mashine ya kusagia lenzi ikazimika. "Wifi," akasema polepole, "usibonyeze kitu. Sijakuandikia."

Na wala si mimi peke yangu. Barua ile ilikuwa imekwenda kwa kila mtu aliyewahi kuandikiana naye: wateja wa miwani, wanaowauzia lenzi, mwalimu mmoja mstaafu anayempenda kama binti yake, na bosi mwenyewe. Wateja walikuwa wanapiga simu dukani, mmoja anashukuru, mwingine analia kwamba naye sasa hawezi kufungua barua zake. Wifi akijaribu kuingia kwenye barua pepe yake, mlango umefungwa. Neno la siri limebadilishwa.

Alikuja karakana jioni hiyo, akakaa kwenye fremu ya kochi ambayo hata sponji haijawekwa, juu ya mbao tupu. Kaka alikuwa anapigilia kitambaa, pini mdomoni.

"Bosi ameniita," akaniambia mimi, si kaka. "Anasema mtu aliyeshindwa kulinda barua pepe yake atalindaje duka zima. Kuhusu tawi, anasema nisahau. Na kesho nikishindwa kumweleza ilikuwaje, nitamwaga unga kabisa. Akaniuliza nani mwingine anajua neno langu la siri."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hakuna." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Yupo mmoja. Lakini huyo nimempa tangu siku ya harusi na hajaligusa. Mtu wa namna hiyo ningemtajaje kwa bosi kama mwizi?"

Nikasikia pini zikidondoka. Kaka alikuwa anazitoa mdomoni moja moja na kuziacha zianguke sakafuni, yeye ambaye pini moja ikipotea tunaitafuta wote kwa sumaku.

"Ni mimi," akasema.

Wifi hakugeuka.

"Nilitaka kujua nani amekutumia. Waliandika mtu anayekujali. Nikajua ni Mabega."

Nilisogeza mkasi mbali. Nilitegemea kelele. Wifi akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na sikuona ni wapi kicheko kilipogeuka kuwa kilio.

"Barua ile niliiona asubuhi ya siku ile ile, kabla yako," akasema alipopata sauti. "Nikajua ni ya uongo. Nilibonyeza jina la mtumaji tu, ikatokea anwani ndefu ya herufi za ovyo, jina la kampuni halimo. Kampuni wananijua kwa jina langu, hawa wananiita mteja. Halafu haraka, leo leo, usipofanya kitarudi. Baba, wewe huwezi kununua kitambaa bila kukigeuza uone upande wa nyuma. Hicho hukukigeuza?"

Kaka akainama, akaanza kuokota pini.

"Na hata nisingegeuza kitu, ningejua tu. Nani wa kunitumia zawadi mimi? Wa kunitumia ni wewe. Na wewe hujawahi."

Nilitazama cherehani yangu. Kuna maneno mtu hapaswi kuyasikia ya ndoa ya mwenzake.

"Sasa kama ulijua, mbona hukuifuta, wifi?" nikauliza, mimi na mdomo wangu.

Akaangalia mikono yake. "Yale maneno, mtu anayekujali sana. Nikasema ngoja yakae mpaka jioni."

Kesho yake kaka alikwenda naye dukani. Alivaa shati la kutokea. Akasimama mbele ya bosi, kati ya vioo na safu za fremu, akasema neno la siri nililitoa mimi, mke wangu hana kosa, nilimwonea wivu.

"Wivu wa nani?" akauliza bosi.

Mlango ukafunguka, Mabega akaingia na boksi la lenzi. Kaka akamwonyesha kwa kidevu.

"Wa huyu."

Mabega akaweka boksi chini kwa uangalifu. "Mimi, fundi?" Hapo hapo simu yake ikaita, naye akaipokea huku macho yanamtoka. "Ndiyo, mke wangu. Niko duka la miwani. Ndiyo, wako wanaume pia. Bosi, samahani, anataka kukusikia sauti." Bosi akaitikia, naye Mabega akakata, akamwambia kaka, "Kila nikisimama ananipigia. Fundi, hata ningetaka, muda huo ningeutoa wapi?"

Bosi aligeukia ukutani mabega yakitikisika. Lakini kicheko hakikumrudishia wifi tawi. Kazi yake alimwachia. Tawi alisema ataona, maana wateja wameingiwa na hofu na jina la duka limetiwa doa. Wifi akamshukuru, akarudi kwenye mashine yake, na kaka akatoka nje akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Akaenda nyumba kwa nyumba. Sikumshauri, hakuniuliza. Alimwomba mkewe amtajie wateja waliopata barua ile, akaanza kubisha hodi, kama anavyorudisha hereni na vifungo. "Barua ile haikutoka kwa mke wangu. Aliyefungua mlango ni mimi. Nilikuwa na wivu." Wengine walimfungia mlango. Mwalimu mstaafu alimkalisha na kumsomesha kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akamruhusu amsaidie kubadilisha maneno yake yote ya siri, huku kaka amegeuka kutazama ukuta ili asiyaone. Mtaa mzima ulipata jina jipya la kumwita, Fundi Wivu, na hadi leo wapo wanaokuja kuagiza kochi kwa jina hilo. Aliitika. Niliona lilivyomuuma, na aliitika.

Wale wateja ndio waliompigia bosi. Sijui walisema nini, ila wifi yangu alipata tawi lake, na barua pepe mpya yenye neno la siri jipya. Siku anaandika neno hilo nilikuwa kwao. Kaka aliinuka akaenda kusimama barazani mpaka alipoitwa.

Siku ya kufungua tawi nilikwenda kumsaidia kutundika mapazia. Duka linanukia rangi, vioo vimefutwa, na kiti chake cha kazi ni kigumu, hakina hata mto. Simu ikatoa mlio. Akaitazama, uso ukabadilika, akanionyesha: nembo ya kijani. *Una kifurushi.*

"Wameanza tena," nikasema. "Futa!"

Hakufuta na hakubonyeza. Akafungua droo, akatoa risiti ya zamani ya kampuni, akapiga namba iliyochapwa pale, na kuweka sauti nje ili nisikie. Ilikuwa sauti ya dada wa kaunta.

"Kipo kweli, dada. Kimeletwa jana, kiko njiani kinakuja kwako."

"Kutoka kwa nani?"

"Mtumaji alikuja mwenyewe. Ameandika jina lake kwa herufi kubwa, chini akaongeza 'mume wake', halafu akasisitiza jina lionekane kila upande wa boksi."

Wifi yangu, anayesoma maandishi ambayo hayasomeki, alishika ukingo wa meza. "Nisomee tena, tafadhali."

Dada akamsomea tena.

Pikipiki ikanguruma nje. Mabega alikuwa mbele, kofia kichwani, na nyuma yake, amekumbatia boksi kama mtoto mchanga, alikaa kaka yangu. Alikuwa amelipia kifurushi kipelekwe, kisha akashindwa kukiachia kiende peke yake. Ndani mlikuwa na mto wa kiti, wa kitambaa kizuri kuliko vyote tulivyowahi kukata, ameushona kwa mkono ili mimi nisijue.

Mabega akatoa karatasi ya kutia saini, akamnyooshea wifi kalamu. Kaka akaidaka njiani.

"Nipe mimi," akasema. "Nitampa mwenyewe."

Wifi akaipokea mkononi mwa mumewe, akatia saini huku machozi yanamdondokea kwenye karatasi ya watu. Mimi nikakunja mapazia yaliyobaki na kusema nitarudi kesho, maana wivu ulikuwa umenishika na mimi.